Silikoni Nyekundu Ndani ya Gari la Ngusa

Baba Kulwa, mume wangu,

Leo nimefunga duka mapema. Pamba imeanza kupasuka mashambani, na upepo wa mchana umeleta vinyuzi vyake mpaka kwenye kaunta. Vimetua juu ya makopo ya oili, nami nimekaa navipuliza kimoja kimoja kama mtu asiye na kazi. Ungeniona ungecheka, ungeniuliza nimeanza lini kuota mchana. Nimeanza tangu uondoke, mwanaume wewe. Nikinyamaza kidogo tu nasikia nyundo yako ndogo ikigonga karatasi upande wa pili wa uzio, tok, tok, tok, na huku najua vizuri kwamba gereji sasa ni ya mwanao Doto, na Doto hagongi karatasi. Ananunua gasketi, zile karatasi za kuziba maungio ya injini, zilizokwisha kukatwa.

Kuna jambo sikuwahi kukwambia. Tuliishi nalo nyumba moja miaka mingi, tukilizunguka kama watu wanavyomzunguka ng'ombe aliyelala njiani. Jina lako liliharibika kwa ajili yake, na mpaka leo halijatengenezeka. Juzi mteja mmoja mzee alimwita mwanao "mtoto wa Fundi Silikoni", akacheka, Doto naye akacheka kwa adabu. Mimi nilikuwa nahesabu plagi, nikapoteza hesabu. Ila acha nianzie mbali kidogo, maana nikianzia pale penye maumivu nitashindwa kuendelea.

Unakumbuka tulivyoanza? Gereji ilikuwa mabati sita na nguzo za mgunga, kando ya barabara ya Somanda, na mimi nauza chai pembeni. Madukani hakukuwa na kitu. Mtu akipata sabuni ya mche anaifungia kabatini. Spea ndiyo usiseme. Trekta la kijiji likianza kuvuja linaletwa kwako, na wewe unatoka mbio kwenda panapojengwa shule, unaomba mifuko mitupu ya saruji. Unaitenga tabaka kwa tabaka, unailaza karatasi juu ya chuma, unagonga ukingoni polepole mpaka karatasi inakatika yenyewe na matundu ya boluti yanatoka duara kabisa. Kisha unaipaka ulimbo wa mgunga uliouchemsha kwenye sufuria yangu, ile aliyonipa mama siku ya harusi. Sufuria ile sikukusamehe mwaka mzima.

Ulimbo ule ulikuwa unaupaka mara mbili, mara tatu, mpaka unakuwa mnene. Mimi nakutazama huku nachochea moto wa chai. Nilidhani ndiyo ufundi wenyewe. Sikujua kwamba ulipaka sana kwa sababu ulimbo ulikuwa mwepesi na vyuma vilikuwa vimechakaa, na kwamba ungekuwa na kitu bora ungepaka kidogo. Hukuwahi kunieleza, wala mimi sikuuliza, maana mwenzio nilikuwa naangalia mikono yako tu. Mikono ile ilinipumbaza, we acha tu.

Halafu ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Jamani, ile miaka. Asubuhi moja unaamka mitumba imetandikwa sokoni, kesho yake redio zimejaa, keshokutwa mtu anauza saa za mkononi kutoka kwenye mwavuli. Nikaacha chai, nikapanda basi kwenda Mwanza, nikarudi na boksi la tyubu za gundi ya gasketi. Nyekundu, nyeusi, bluu, na moja ya kahawia. Nilipofungua ya kwanza, harufu ya siki ikajaa kibanda kizima, na mafundi wa Bariadi wakaja kunusa mmoja mmoja kama wanaonja pombe. Waliipenda ile nyekundu, silikoni, kupita zote. Ndani ya mwaka kibanda kikawa duka.

Wewe peke yako ndiye hukushangilia. Ulichukua vipande vya bati, ukapaka kila gundi kwenye chake, ukavipanga ukutani. Hiki ukakizamisha kwenye oili, hiki kwenye petroli, kingine kwenye maji yanayochemka juu ya jiko langu. Kila asubuhi, kabla hata ya kuniamkia kwa mwangaluka, ulikwenda kuvikwangua kwa ukucha. Nilikwambia umezifungulia gundi zangu shule, unazipa mtihani. Ukasema ndiyo, na mwalimu ni mkali. Nilicheka, lakini ndani kitu kiliniuma kidogo. Nilitaka usifu mali yangu mbele ya watu.

Basi, Ngusa. Wote tulimjua kama nsabi, tajiri wa ng'ombe, na serikali iliporuhusu watu binafsi kununua pamba akanunua malori manne kwa mpigo. Pamoja na vyuma chakavu vya kinu cha pamba akapata lile gari. Dogo, la mbio, milango miwili, halina paa ila turubai, kijani kilichoiva kama jani la mpamba. Lilikuwa limelala bandani tangu meneja wa zamani aondoke nchini, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Lilikuwa fupi kiasi kwamba mbuzi akisimama karibu anachungulia ndani. Likaburutwa mpaka gerejini, na Ngusa akasema neno ambalo nalikumbuka kama alilisema leo.

"Fundi, siku ya kufungua kituo changu cha pamba Lamadi, nataka niingie na hili. Na nikiliegesha, nisione tone la oili chini. Ukiweza, malori yangu yote yatatengenezwa hapa kwako."

Malori manne. Ulilipapasa bodi lile kwa kiganja tu, lakini mimi niliyelala nawe najua sura yako ikiwa na furaha. Ulikuwa umeshajenga gereji ya matofali kichwani. Jina lako lingefika Maswa, lingefika Mwanza. Ulikuwa na haki ya kuota, na mimi niliota na wewe.

Zile wiki zilikuwa tamu. Uliifumua injini yote, ukaitandaza juu ya magunia, kila chuma kimeoshwa kwa mafuta ya taa na kimelala mahali pake. Jua lilipita kwenye matundu ya misumari, likaangukia pistoni, likaangukia mgongo wako. Silinda hedi, kile kichwa cha injini, uliisugua juu ya kioo mpaka ikanyooka. Pacha wetu, Kulwa na Doto, walikuwa wakirudi kutoka shule wanakaa juu ya tairi, kimya kabisa, hao hao wasiokaa kimya kanisani. Nami nilikuwa naacha wateja dukani nakuja kusimama, sina ninachotafuta.

Siku ya kuanza kuisuka tena ulipanga gundi mezani ukawa unachagua. Hukuwa unaongea na mimi hasa, ulikuwa unaongea na injini. Gasketi ya silinda hedi inakaa kavu, usiipake chochote. Kwenye kabureta na pampu ya petroli ni karatasi tupu, kwa sababu silikoni ikikutana na petroli inavimba na kulegea, bati lako limeonyesha. Kifuniko cha mnyororo wa mbele kinapata karatasi ya saruji na ile gundi ya kahawia, nzito kama asali, isiyokauka. Na sampu, lile bakuli la chini linalobeba oili, linapata gasketi ya koki, gome laini kama la kizibo cha chupa, na hiyo hiyo ya kahawia pande zote mbili, kiasi cha kubadili rangi tu.

"Na silikoni?" nikauliza.

"Silikoni yako ni nzuri, Mama Kulwa. Ila si hapa. Hapa ikizidi inaingia ndani, na ndani haina pa kwenda."

Ulisema kwa upole, na ulikuwa sahihi. Mimi nilisikia jambo moja tu, kwamba duka zima limejaa nyekundu, mafundi wote wanaiapia, mume wangu mwenyewe haitaki. Nilinuna siku mbili. Ulidhani ni malaria ukaniletea dawa.

Kisha baba yako mkubwa akafa Migato, ukaenda msibani siku tatu. Sampu uliiacha mezani, koki yake imeshabandikwa, imefunikwa kwa kitambaa safi. Ulinikabidhi gereji. Ulisema asiguse mtu.

Siku ya pili, saa sita mchana, niliingia. Kuku walikuwa wamelala kivulini na barabara ilikuwa tupu. Nilifunua kitambaa nikaitazama ile gundi yako, kama kivuli tu juu ya koki, nikamkumbuka Ngusa na tone lake la oili. Nikaona utaaibika. Mimi mtoto wa foleni za miaka ya uhaba, niliyekua nikiona kwamba kitu kizuri kikipatikana kinapakwa mpaka kinakuwa kinene, ningewezaje kuamini wembamba ule? Nikaleta tyubu nyekundu. Nikainua ukingo wa koki, nikaminya mstari mnene kama kidole, kuzunguka kote. Na kwa kuwa sikutaka uione, nilipaka upande wa ndani. Kwa nje nilifuta pakabaki safi kama ulivyopaacha. Nikarudisha koki, nikaikandamiza, nikafunika. Nilikuwa nakusaidia, ndivyo nilivyojiambia, na nilitoka pale nimeridhika kabisa.

Ulirudi macho mekundu kwa msiba, na mtu wa Ngusa amekaa mlangoni anakusubiri. Ukaniuliza kama kuna aliyegusa. Nikasema hakuna. Ukaigeuza injini, ukaiweka sampu, ukaikaza boluti moja moja kwa kupishana. Hukuikagua, kwa sababu uliyemwachia kazi alikuwa mke wako.

Na ile safari yetu, unaikumbuka? Uliniambia twende tulijaribu gari, nikaze kilemba kisipeperuke. Tukashika barabara ya Dutwa, turubai limekunjwa, pamba imepasuka kulia na kushoto, nyeupe mpaka kule mbuga inapokutana na mbingu. Injini ilikuwa inaimba chini ya miguu yetu. Wachungaji walisimama na fimbo zao kutuangalia, na bibi mmoja alitupungia kama tunakwenda mbali sana. Kilemba kiliruka. Ulisimamisha gari ukarudi kukiokota, ukakikung'uta vumbi, ukanifunga mwenyewe, mikono inanuka mafuta ya taa. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, si kabla wala baadaye. Nilikuwa naongea bila kupumua na wewe ulikuwa unatabasamu, ila nilikuona ukiutazama ule mshale wa kipimo cha oili, mara moja, mara ya pili. Ulitikisa kichwa kidogo. Mimi nikaendelea kuongea.

Siku ya Lamadi Ngusa aliendesha mwenyewe, wewe pembeni. Uliniambia baadaye kwamba baada ya Dutwa mshale ulianza kulala, ukamwomba asimame, akasema watu wanamsubiri. Ukamwomba tena. Ziwa lilikuwa limeshaonekana, mstari wa buluu kule mbele, injini ilipogonga mara tatu na kunyamaza. Imenoki, imekufa. Ngusa aliingia kwenye kituo chake juu ya lori, katikati ya marobota, na suti yake. Gari likarudi Bariadi kesho yake likivutwa kwa kamba.

Ulilifungua mbele yake na mbele ya mafundi wote waliokuja kushangaa. Ulipoishusha sampu, chujio la pampu ya oili lilikuwa limezibwa na nyuzi nyekundu kama minyoo. Zilikuwa zimekatika kutoka ndani, zimeogelea kwenye oili mpaka zikakaba koo la injini. Watu walinong'ona. Ulivuta uzi mmoja, ukauviringisha kati ya vidole viwili, taratibu. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa duka, hatua kumi hivi. Hukunitazama. Ninasema hivi kwa sababu nilikuwa nasubiri unitazame.

"Nimepaka mimi," ukasema. "Nilizidisha."

Na mimi nikanyamaza.

Asubuhi iliyofuata uliniamkia kama siku zote, ukaomba chai. Hukuuliza siku ile, hukuuliza mwaka ule. Malori yakapelekwa kwa fundi mwingine. Wakakuita Fundi Silikoni, kwanza kwa utani, baadaye ikawa ndilo jina. Wenye magari wakapungua, ukabaki na baiskeli, mashine za kusaga na majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Duka langu likakua. Nyumba hii ya matofali imetoka humo, ada ya Kulwa na Doto imetoka humo. Mara moja mnunuzi aliuliza apake kiasi gani, nawe ulikuwa umeegemea kaunta. Ukachukua njiti ya kiberiti ukamwonyesha unene wake, ukasema hiyo ni nyingi, apake nusu yake. Kisha ukaenda zako. Nilijifungia stoo nikalia, wewe ukadhani nahesabu mali. Au hukudhani hivyo.

Nilijiambia kwamba ulinyamaza kwa sababu ya mshangao wa siku ile, na kwamba baadaye ulishindwa kugeuza maneno. Nilijifariji hivyo mpaka mwezi uliopita.

Nilikwenda Nyalikungu, nikasikia Ngusa anaishi pale kwa binti yake, haoni vizuri. Nikapita kumsalimia. "Mwadila, mayu," akaniitikia, akanitambua kwa sauti. Kisha akanieleza, bila mimi kumuuliza, kwamba siku ile watu walipotawanyika alikuvuta nyuma ya lori. Alikwambia useme tu kwamba silikoni ya duka la mkeo ni mbovu, ni mali ya magendo, naye angeamini, na malori bado yangeletwa kwako. Alikuwa hataki kukupoteza. Na wewe ukamjibu, ananukuu maneno yako kama yapo mbele yake, "Duka lile linauza mali nzuri. Aliyekosea kipimo ni mimi."

Mume wangu. Kwa hiyo ulipewa mlango ukaufunga. Ungesema neno moja tu ungepata malori manne na gereji ya matofali, na mimi ningefunga duka wiki ile ile, maana ni fundi gani angenunua tena kwangu? Ulichagua mbele yangu, hatua kumi tu kutoka nilipo, nami sikujua kwamba kuna kilichochaguliwa. Nilikula kwenye jina lako miaka yote ile, nikashiba.

Nilirudi nyumbani nimepigwa na butwaa. Jumapili nikamwita Doto, nikamweleza yote, tangu kitambaa mpaka Ngusa. Alikuwa anafuta mikono kwa tambara, akaendelea kuifuta hata ilipokwisha kuwa safi. Nikamwambia nitasimama mbele ya mafundi wote niseme, hilo jina linivae mimi. Aliniuliza jambo moja tu.

"Baba ulimwambia?"

Nikasema hapana.

"Hata alipokuwa anaumwa?"

Hata ulipokuwa unaumwa. Nilikupa uji kwa kijiko miezi minne, nilikusikia ukihesabu boluti usingizini, na sikusema. Doto akakunja tambara lake, akaniambia, "Basi mwambie yeye kwanza, mama. Sisi tutasubiri."

Ndiyo maana nimefunga duka. Nakwambia sasa, Baba Kulwa. Nilipaka mimi. Uliponiuliza nilikudanganya, na uliponibebea nilikuachia ubebe. Kesho Doto ataibandika barua hii kwenye mlango wa gereji, kila anayepita asome. Watu nitawavumilia. Kisichovumilika ni kwamba ulijua, nami nilijua kwamba unajua, na bado nilikuacha uende kaburini bila kulisikia kutoka kwangu.

Wabeja, asante, mume wangu. Nisamehe.

Mkeo,
Mama Kulwa